Mashavu, Chatu Wake na Gamba Lililogoma Kutoka

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na kijiji!

— Kikawaje?

Kikawa na wajuaji hamsini na mtungi mmoja wa maji!

— Ole wake mwenye kiu!

Haya, sogeeni. Wewe unayekohoa, kohoa sasa umalize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanasema na watu walipokuwa wanasikiliza, palikuwa na kijiji kikiitwa Makavuni. Nasema watu walikuwa wanasikiliza kwa sababu ndivyo ngano inavyoanza. Mtajionea wenyewe kama walisikiliza.

Makavuni mvua ilipita mbali, kama mtu anayemkwepa mkwewe. Upepo ulivuma, vumbi likavuma, na wazee wa kijiji nao wakavuma, kila mmoja kwa upande wake.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke mfinyanzi, jina lake Mashavu binti Kuchi. Mumewe alikuwa amefariki, mtoto hakujaliwa. Alifinyanga vyungu, alifinyanga mitungi, alifinyanga vikaango, na jioni alikula peke yake.

Siku moja alikuwa bondeni akichimba udongo. Jembe likagusa kitu laini. Akainama, akaona yai. Yai likapasuka, kikatoka kinyoka chembamba kama ukanda, kikamtazama.

"Tafadhali usinikate," kikasema. "Ndiyo kwanza nimefika."

Mashavu akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka tangu amzike mumewe. Akakichukua kile kinyoka, mtoto wa chatu, akakitia ndani ya kikapu, akaenda nacho nyumbani. Kikapenda kujizungusha shingoni mwake. Basi akakiita Mkufu.

Watu wakasema. Siku ya kwanza wakasema, "Mwanamke analea nyoka!" Siku ya pili wakasema, "Mwanamke analea nyoka!" Siku ya tatu wakasema hivyo hivyo, maana hawakuwa na jambo jipya. Siku ya nne Mkufu akaingia katika ghala la kijiji, mlimokuwa na mbegu za mtama za watu wote, akameza panya. Siku ya tano akameza mwingine. Wiki ya tatu panya wakahama, na watu wakasema, "Sisi tangu mwanzo tulimpenda yule nyoka."

Jumbe wa kijiji, Bwana Mtengo, akaitisha mkutano. Akahutubia kuanzia asubuhi hadi jua la utosi, akaeleza jinsi yeye Mtengo alivyowashinda panya. Mwishoni akamtaja Mkufu kidogo, akampa cheo: Mlinzi wa Ghala. Cheo hakikuwa na chakula ndani yake. Vyeo vingi viko hivyo.

Mambo yakaenda vizuri. Gamba la kwanza Mkufu alilivua kwa urahisi, kama mtu anavyovua kanzu. La pili vilevile. Akawa mrefu kama mkono wa mtu, halafu kama mikono miwili.

Ukaja mwaka wa ukame mkubwa. Upepo ulikausha mate mdomoni. Wakati huo Mkufu akaacha kula. Rangi yake ikafifia, macho yake yakawa meupe kama yametiwa tui. Mashavu hakuogopa, alijua ni gamba linataka kutoka. Akangoja. Gamba likachanika mdomoni, likafika shingoni, likagoma. Likakatika vipandevipande na kumkaukia mwilini kama maganda ya kitunguu. Machoni halikutoka. Na karibu na ncha ya mkia likabaki duara moja, limekaza kama pete ya mtoto kwenye kidole cha mtu mzima.

Mkufu akaimba:

"Mama, mama, gamba linanibana,
dunia imegeuka maziwa,
na mkia wangu siusikii tena."

Mashavu akashika kichwa. Habari ikatoka nje. Na mnajua Makavuni: mvua huchelewa, mshauri hachelewi.

Wa kwanza kufika alikuwa Jogoo. Akaingia kifua mbele.

"Mashavu," akasema, "unajua mimi ndiye ninayeleta jua kila asubuhi?"

"Nimesikia ukisema."

"Basi anayeleta jua atashindwa na gamba la jicho? Nishikie kichwa chake. Nitadonoa mara moja, gamba chini."

"Na jicho je?"

Jogoo akafikiri. Si kazi aliyoizoea. "Jicho," akasema, "ni jambo la baadaye."

Mashavu akamfukuza kwa ufagio.

Wa pili akaja Fisi. Akasimama mlangoni kwa adabu kubwa, mate yakimchuruzika hadi magotini.

"Dada yangu," akasema, "mimi sina tamaa. Nimekuja kusaidia tu. Nipe huyo mgonjwa niende naye porini. Gamba nitalitoa kwa meno."

"Na utamrudisha lini?"

"Gamba nitalirudisha leo leo."

Mashavu akamfukuza kwa mwiko.

Wa tatu akaja Beberu. Huyu, ndugu zangu, alikuwa na ndevu. Na kila mtu anajua kuwa ndevu huota pale penye akili. Akamzunguka Mkufu mara tatu, akatafuna pembe ya mkeka, akafumba macho.

"Ukavu," akasema.

"Naam, Mzee Beberu?"

"Tatizo ni kwamba hajakauka vya kutosha. Gamba likikauka sana litadondoka lenyewe, kama jani. Mpake mafuta ya ufuta, mlaze juu ya mwamba juani. Nami nilipougua ngozi nililala juani nikapona."

"Lakini wewe una manyoya."

"Binti," akasema Beberu, "umewahi kuniona mimi nimekwama na gamba?"

Kweli, hakuwahi kumwona. Mashavu alikuwa hajalala siku mbili. Na mtu akichoka, hata ndevu za mbuzi huonekana kama elimu. Akampaka Mkufu mafuta, akamlaza juu ya mwamba. Jua likapanda, mwamba ukawa moto. Gamba halikudondoka. Lilikaza. Lilikaza mpaka Mkufu akashindwa kujikunja.

Akaimba, sauti imekuwa ndogo:

"Mama, mama, gamba linanibana,
dunia imegeuka maziwa,
na mkia wangu siusikii tena."

Mashavu akageuka kumtafuta Beberu. Beberu hakuwapo. Alikuwa ameitwa haraka kwenda kushauri kijiji cha pili.

Hapo Mashavu akafanya jambo ambalo alilijutia maisha yake yote. Akashika kipande cha gamba karibu na mkia, akafumba macho, akavuta. Gamba likatoka na ngozi mbichi ya chini, damu ikatiririka. Mkufu, haoni, akaruka, akamng'ata kifundo cha mkono, akang'ang'ania.

Chatu hana sumu, lakini meno anayo. Mashavu hakupiga kelele. Wakabaki hivyo, yeye na mtoto wake, damu ya huyu na damu ya yule juu ya mwamba mmoja.

Halafu Mkufu akanusa kwa ulimi. Akaachia.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sikukuona. Nilidhani ni Fisi."

"Ni mimi, mwanangu. Ni mimi niliyekuvuta."

Mkufu akasema, "Basi usivute tena." Akaficha kichwa chini ya mkono uleule aliouuma.

Watu waliona damu, wakakimbia kumwambia Jumbe. Jumbe akaitisha mkutano, maana Jumbe mkutano kwake ulikuwa kama ugali. Wakati huo panya walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Mlinzi wa Ghala ni kipofu. Walikuwa wameingia kwenye mbegu za mtama na watoto wao, na wajukuu wao, na wageni wao.

"Mashavu binti Kuchi," akasema Jumbe Mtengo, "tumechunguza, tumegundua. Nyoka wako ana macho meupe. Na mbingu ni nyeupe, hazina wingu. Nani haoni kwamba nyoka huyu ndiye anayezuia mvua?"

Watu wote wakasema, "Aaa!" kama walioonyeshwa hazina.

"Bwana Jumbe," akasema Mashavu, "mvua haijanyesha tangu mwaka jana. Mkufu ameanza kuugua juzi."

"Usinichanganye kwa mambo ya tarehe," akasema Jumbe. "Nakupa siku tatu. Siku ya tatu jua likifika utosini, nyoka awe anaona na awe ghalani. La sivyo tutakuja na mchi."

Mashavu akarudi nyumbani, Mkufu kifuani. Akakaa katikati ya vyungu vyake. Kwa kumuuguza mtoto alikuwa amesahau kazi. Mtungi mmoja mkubwa alioufinyanga wiki ile aliuacha bila kuufunika kwa gunia bichi. Upepo uliukausha upesi, nao ukapasuka toka mdomo hadi tako.

Akautazama ule ufa. Akautazama tena. Akamtazama Mkufu.

"Udongo nikitaka usipasuke," akasema polepole, "naufunika kwa kitu kibichi. Ukishakauka nikitaka kuulainisha, naurudishia maji. Siuvuti. Siudonoi. Siuaniki juani." Kisha akajipiga kibao pajani. "Miaka kumi na tano mimi ni mfinyanzi, halafu nimekwenda kumuuliza mbuzi!"

Akainuka.

Siku ya kwanza akachukua maji yake ya kunywa, yote aliyokuwa nayo, akayapasha yakawa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akayamimina kwenye chungu kipana, kina cha vidole viwili tu, Mkufu asije akazama. Akamweka humo, akafunika kwa kawa lenye matundu. Alipomtoa akamviringishia gunia bichi, na ndani ya gunia akatia jiwe lenye kukwaruza kidogo, ajisugue mwenyewe kadiri apendavyo.

Watu wakachungulia juu ya ua. "Watu hawana maji ya kunywa, yeye anamwogesha nyoka!"

Mashavu akaendelea kumwogesha. Jioni gamba la mgongoni likalainika. Mkufu akajisugua kwenye jiwe, akapita katikati ya gunia, na vile vipande vikabaki nyuma yake kimoja kimoja. Lakini macho bado. Na mkia bado.

Siku ya pili maji yalikuwa yamekwisha. Alfajiri Mashavu akabeba mtungi, akaenda chemchemi ya Majiweni, njia ya mawe matupu, mkono umevimba. Kwenda ni mwendo mrefu, na kurudi na maji kichwani ni mwendo mrefu zaidi. Njiani alikutana na wanaume watatu wamekaa kivulini wanajadili ukame. Wakamwambia anabeba mtungi vibaya.

Alipofika nyumbani alikuta nusu mtungi wa maji mlangoni. Nyuma ya ua akaona kitambaa cha kichwa cha Siwema, jirani yake, mwanamke ambaye tangu Mkufu aje hakuwahi kukanyaga ua ule.

"Siwema, ni wewe?"

"Usinikaribishe!" akasema Siwema. "Naogopa nyoka. Lakini panya wamekula robo ya mbegu zangu, na hao nawaogopa zaidi. Kesho nitaweka tena hapo hapo. Usimtoe nje nikija, nakuomba."

Wakamwogesha tena Mkufu — nasema wakamwogesha, maana nusu ya maji yalikuwa ya Siwema. Mashavu akachovya kitambaa laini, akakiweka juu ya macho ya Mkufu, akangoja. Hakusugua. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Alipokiondoa kitambaa, gamba la jicho la kulia likaondoka nacho, dogo, jembamba, kama gamba la samaki.

"Mama," akasema Mkufu, "naona upande mmoja."

"Na ule mwingine?"

"Ule bado ni maziwa."

Mikono ya Mashavu ikamwasha. Ukucha mmoja tu, pale pembeni, gamba lingetoka! Akaikalia mikono yake. Naam, aliikalia kabisa, kama kuku juu ya mayai, ili isifanye ujinga.

Siku ya tatu, jua likiwa bado halijafika utosini, kijiji kizima kikaja. Mbele Jumbe Mtengo na mchi begani. Nyuma yake Jogoo, nyuma yake Beberu, amerudi salama kutoka safarini. Nyuma kabisa Fisi, amekuja kwa mambo ya mazishi.

Mkufu alipowasikia akaimba kwa mara ya tatu, lakini wimbo ulikuwa umepungua:

"Mama, mama, gamba linanibana,
dunia ni maziwa nusu,
na mkia wangu siusikii tena."

"Muda umekwisha," akasema Jumbe.

"Kivuli changu bado nakiona, Bwana Jumbe. Jua halijafika," akasema Mashavu. "Ngojeni kama mnavyoingoja mvua."

Akamtoa Mkufu majini. Akashika ile pete ya gamba mkiani kwa kitambaa kibichi. Akaisokota pole, akaisogeza kuelekea nchani, kidogo, akaacha. Akachovya tena. Akasokota pole, kidogo, akaacha. Mara ya tatu pete ikateleza, ikatoka nzima, ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake ncha ya mkia ilikuwa nyeusi kama kijinga cha moto kilichozimika. Ilikuwa imekwisha kufa. Mashavu akaiona, akauma mdomo.

Halafu akaweka kitambaa juu ya jicho la kushoto. Akangoja. Watu wakangoja. Jogoo akasema, "Ningedonoa mimi..." Siwema akamwambia, "Nyamaza, kitoweo!" Jogoo akajificha nyuma ya Beberu.

Kitambaa kikaondolewa. Mkufu akageuza kichwa huku na huku. Akamtazama Mashavu kwa macho mawili.

"Mama," akasema, "umekonda. Umekula lini?"

Mashavu akafuta uso kwa kile kitambaa kibichi. Mpaka leo haijulikani ni maji gani yalikuwa usoni.

Mkufu akamgeukia Jumbe. "Na mzee huyu mwenye mchi, amekuja kututwangia nini?"

Jumbe akauteremsha mchi taratibu. "Nilikuwa napita," akasema.

Mkufu akaenda ghalani. Sitawaeleza yaliyotokea huko, kuna wengine hapa bado hawajala. Itoshe kusema kwamba panya walitoka kwa milango yote, na pasipo mlango wakatoboa. Theluthi moja ya mbegu ilikuwa imeliwa. Zilizobaki zikatosha kupanda.

Ncha ya mkia ilianguka baada ya siku chache, urefu wa kidole gumba. Mkufu akawa chatu mwenye mkia butu. Hakulalamika. Ila kila alipomwona Beberu alimtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa. Nyoka hapepesi, lakini Beberu hakujua hilo, akakonda.

Mvua ikanyesha baada ya miezi miwili. Jumbe akaitisha mkutano kueleza jinsi alivyoinyesha. Jogoo akasema ndiye aliyemwambia Mashavu kuhusu macho. Beberu akasema, "Mimi tangu mwanzo nilitamka neno: ukavu." Na kweli alilitamka. Hata Fisi akasema kwamba kama si yeye kukataliwa, kazi isingefanyika.

Mwaka uliofuata upepo mkavu ukarudi, na macho ya Mkufu yakawa meupe tena. Kabla ya saa nne asubuhi ua wa Mashavu ulikuwa umejaa. Wamekuja wenye ndevu, wamekuja wasio na ndevu, kila mtu na ushauri wake.

Mashavu akawapokea kwa heshima zote. "Karibuni, wazee wangu. Nitawasikiliza mmoja mmoja." Kisha akaingia ndani, akatoka na mitungi, akampa kila mshauri mtungi mmoja. "Chemchemi ya Majiweni mnaijua. Kila mtu arudi na maji, aseme neno lake."

Jumbe akapokea mtungi, akaondoka. Beberu akavishwa wake shingoni, akaondoka. Jogoo akasema mgongo unamuuma, akaondoka naye. Wakashika njia wote, wanajadiliana namna bora ya kuchota maji.

Jua likapanda, jua likashuka. Akarudi mmoja tu, Siwema, mtungi kichwani umejaa hadi ukingoni. Safari hii aliingia mpaka ndani, akautua mtungi karibu na chungu kipana, akamtazama Mkufu kwa mbali.

"Ushauri wako ni upi, dada?" Mashavu akamuuliza.

"Mimi sina," akasema Siwema. "Nimeleta maji tu."

Wale wengine, nasikia, bado wako njiani.

Na mafunzo ndiyo hayo: mwenye gamba lililokwama hahitaji mdomo wako, anahitaji maji yako na subira yako. Na aliyebanwa akikuuma, jiulize kwanza nani alivuta.

Ngano yangu nimeianua, imekauka kiasi chake. Aliyeipenda aende akawasimulie majirani. Asiyeipenda atunge ya kwake, tutamsikiliza kwa subira ileile aliyotupa. Na wewe uliyesinzia tangu kwa Jogoo, amka, useme kama kawaida kwamba ulikuwa unafikiri.